Gramafoni Iliyozunguka Kusini

Mwalimu Loku hakuwahi kuiona bahari, lakini hilo halikumzuia kuiamrisha. Alisimama mbele ya Kidato cha Nne, katika shule moja ya bweni nje ya mji wa Arua, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika daftari la kijani, akaiagiza Bahari ya Atlantiki izunguke kama alivyotaka yeye. Atlantiki, kwa kuwa ilikuwa mbali, haikubisha. Wanafunzi walikuwa karibu, nao hawakubisha vilevile.

"Dunia inazunguka," alisoma. "Kwa sababu hiyo upepo hauendi moja kwa moja. Hupinda kushoto. Andikeni. Maji ya bahari husukumwa na upepo, kwa hiyo nayo hupinda kushoto. Nukta."

"Kwa nini kushoto, Mwalimu?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Kwa sababu nimesema nukta."

Ulikuwa mwaka 1974. Walimu wa Kizungu waliokuwa wakifundisha jiografia walikuwa wamefungasha virago, na nafasi zao zilijazwa na yeyote aliyekuwa na suruali iliyopigwa pasi. Mwalimu Loku alikuwa nazo tatu. Alikuwa mzaliwa wa Koboko, akasomea ualimu kisha akafundisha miaka mitano Kabale, kusini kabisa mwa nchi, kisha akarudi nyumbani na vitu vitatu: sanduku la bati, daftari la kijani, na habari kwamba binamu yake ana nyota begani katika kambi ya jeshi. Sanduku hakuna aliyelijali. Hiyo habari ya nyota ndiyo iliyofanya watu waliheshimu daftari.

Na daftari ndilo lililokuwa jiografia yote. Alikuwa ameliandika hukohuko Kabale alipokuwa akisomea ualimu, akinukuu neno kwa neno yaliyotoka kinywani mwa mkufunzi wake. Mkufunzi huyo, yasemekana, alikuwa na kifua kibovu. Kila alipokohoa, Mwalimu Loku aliacha nafasi wazi. Sasa wanafunzi wa Arua walinukuu maneno ya mkufunzi na nafasi za kikohozi chake, kwa unyenyekevu uleule.

Taban ndiye aliyekuwa mjuzi wa kuyafanyia mzaha mambo haya. Alikuwa Mnubi wa Koboko, umri wa miaka kumi na sita, mwandiko wake mzuri kuliko wa karani wa wilaya. Ndiye aliyewazika kwa heshima zote wadudu waliokutwa katika maharage ya Jumatano, pamoja na hotuba ya marehemu na dakika moja ya kimya. Dharau yake kwa Mwalimu Loku ilikuwa safi kama maji ya kisima. Hakuichanganya na kitu kingine chochote, hata kusoma.

Mwezi wa sita ukaja mtihani wa majaribio. Swali la sita Mwalimu Loku alilinakili kutoka mtihani wa miaka ya nyuma, naye hakulitazama mara mbili: upepo na mikondo ya bahari kaskazini mwa ikweta hupinda upande gani, na kwa nini? Wanafunzi thelathini na mmoja waliandika kushoto. Taban naye aliandika kushoto, kwa mwandiko wa kupendeza, akapewa alama zote nane, akaenda kucheza mpira na kulisahau swali.

Mmoja tu aliandika kulia. Huyo alikuwa Candiru, binti wa mkulima wa tumbaku kutoka ng'ambo ya Mvara, msichana wa maneno machache mwenye tabia mbaya ya kusoma vitabu. Mwalimu Loku alimpa sifuri iliyoviringana vizuri kuliko dunia yenyewe.

Sifuri hiyo haikuwa mzaha. Sheria ya shule ilikuwa kwamba asiyefikisha alama arobaini katika kila somo hasajiliwi kufanya mtihani wa taifa. Candiru alikuwa na thelathini na tano za jiografia. Orodha ya majina ingekwenda Kampala Jumatatu, siku mbili baada ya Siku ya Wazazi, na shule haikuwa na desturi ya kumrudisha msichana darasani akiisha kuanguka. Wavulana, ndiyo, walirudia. Wasichana walirudi makwao. Kwa Candiru, chuo cha uuguzi kilitaka cheti, na pasipo cheti kulikuwa na fito za tumbaku: kutunga majani asubuhi hadi jioni mpaka vidole viwe vyeusi kama vya mama yake.

Alikuwa amekwenda kwa Mwalimu Loku kwa adabu, na kitabu mkononi. Kitabu hicho cha rangi ya udongo kiliachwa maktaba na mmoja wa wale waliofungasha. Mchwa walikuwa wamekula Asia yote, lakini ukurasa wa upepo ulikuwa mzima. Mwalimu alikitazama bila kukigusa.

"Hiki ni kitabu cha mabeberu," akasema. "Upepo wa mabeberu ukipinda kulia, wetu utapinda kushoto. Nenda."

Habari ilipomfikia Taban bwenini, alifurahi kama mtu aliyeletewa nyama siku ya maharage. Alimkuta Candiru bombani akifua sketi.

"Candiru, dada yangu, nimekuja kukuokoa."

"Mimi si dada yako. Na hukuja kuniokoa. Umechoka kumcheka Loku darasani, unatafuta uwanja mkubwa."

"Yote mawili yanaweza kwenda pamoja. Niazime kitabu."

Alimpa kwa mkono uliolowa. Taban akafungua ukurasa. Palikuwa na picha ya sahani inayozunguka, na mkono unaochora mstari kwa rula kutoka katikati kwenda ukingoni. Mkono ulikwenda sawasawa, lakini mstari uliobaki juu ya sahani ulikuwa umepinda. Chini ya picha palikuwa na maelezo marefu.

"Soma na maelezo," alisema Candiru.

"Nimeona picha."

"Picha haitoshi."

"Kwa Loku inatosha. Loku mwenyewe ni picha."

"Taban, sikiliza kwanza. Kuna jambo la upande ambao..."

Lakini Taban alikuwa amekwisha rudisha kitabu na kuondoka, maana kichwani mwake sahani ilikuwa imeanza kuzunguka, na sahani hiyo ilikuwa Koboko kwa shangazi yake.

Aliomba ruhusa ya kwenda kumzika bibi yake, ambaye mwaka huo alikuwa amekwisha fariki mara mbili. Alhamisi jioni alikuwa Koboko, uani kwa Shangazi Asiya, mjane mwenye gramafoni ya kufunga springi kwa mkono iliyokodishwa katika harusi zote za mji.

"Wewe nataka gramafoni ya kazi gani?" aliuliza Asiya kwa Kiswahili chake cha Kinubi. "Harusi iko wapi?"

"Si harusi, shangazi. Ni sayansi. Nataka kuwaonyesha watu jinsi dunia inavyozunguka."

Asiya akafyonza. "Dunia iko hapa. Mimi nakaa Koboko miaka hamsini, na nyumba yangu iko pahali moja. Nani nasema inazunguka?"

"Vitabu, shangazi."

"Kitabu iko na nyumba? Kitabu iko na sufuria kwa moto? Kama dunia inazunguka, supu yangu ingemwagika."

Taban akaiacha supu ilipo. Akatumia njia nyingine. "Kuna mwalimu pale shuleni, Loku, mtoto wa hapa hapa. Nataka kumwaibisha mbele ya watu."

Asiya akainua kichwa. "Loku mtoto ya ule mzee wa mbuzi? Ule nakodi gramafoni yangu, narudisha bila sindano?"

"Ndiyo huyo."

"Basi mimi nakwenda na wewe. Gramafoni haitembei bila mimi."

Ijumaa walipanda lori la karanga. Nje ya mji wanajeshi walikuwa wameweka gogo barabarani. Mmoja wao, kijana mwembamba, akalipiga sanduku kwa kitako cha bunduki.

"Hii sanduku iko na nini?"

"Gramafoni, afande," alisema Taban, na sauti yake haikuwa ile anayoitumia darasani.

"Piga."

Basi gramafoni ikapigwa juu ya karanga, wimbo mmoja mara tatu, kwa sababu santuri ilikuwa moja. Wanajeshi wakasikiliza kwa uso wa watu wanaokagua silaha. Mara ya tatu ilipokwisha Asiya akamwambia yule mwembamba, "Wewe mtoto ya nani? Funga kifungo. Tumbo iko nje." Kijana akafunga kifungo. Gogo likaondolewa. Taban hakupumua mpaka walipopita kona.

Mbele zaidi, utingo alimrushia mwanamke mmoja aliyekuwa kando ya njia kifurushi chake, bila lori kusimama. Kifurushi kikampita, kikaanguka hatua kumi mbele yake. Mwanamke akalitukana lori na ukoo wake. Taban akacheka sana. Hakujifunza kitu.

Siku ya Wazazi, ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu, Bwana Asiku, alikaa mbele akiwa na orodha ya usajili ndani ya jalada juu ya magoti. Alikuwa mtu aliyeogopa karatasi kuliko simba, maana simba, alikuwa akisema, hakai kwenye faili. Kando yake alikaa Mwalimu Loku katika suruali ya pili. Baba yake Candiru alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Alikuwa ameambiwa langoni kwamba binti yake hataandikishwa, naye alikuwa amekwisha uliza sanduku lake liko bweni gani, akalitoa nje.

Katika ratiba Taban alikuwa ameandika: *Onyesho la Kumheshimu Mwalimu Loku*. Ndiyo maana aliruhusiwa.

Akapanda jukwaani kwa mwendo wa mtu anayebeba jeneza. Asiya akafuata na gramafoni, akaiweka mezani, akakaa kwenye kiti chake na kutoa kikapuni mwake kazi ya mkono, kawa la kufunikia chakula ambalo lilikuwa limefika nusu. Wanawake wa Kinubi hawakai bure, hata mbele ya sayansi.

"Mwalimu mkuu, walimu, wazazi," Taban akaanza, "kwa muda mrefu darasa letu limelishwa hekima kutoka kwenye daftari fulani la kijani. Leo tumeamua kulishukuru daftari hilo kwa kulipima." Wanafunzi wakakohoa ili wasicheke. "Hii ni dunia." Akaonyesha duara la karatasi ya mfuko wa simenti, lililolazwa pale inapokaa santuri. Katikati alikuwa ameandika kwa herufi nzuri: NCHA YA KASKAZINI. "Chaki hii ni upepo. Upepo unatoka kwenye ncha, unakwenda zake nje, moja kwa moja, kwa kufuata rula. Kitabu kinasema kwamba kaskazini utapinda kulia. Daftari linasema kushoto. Tutajua leo lipi ni la kusomea na lipi ni la kufungia karanga."

Mwalimu Loku alikuwa ameacha kutabasamu. Asiya akafunga springi, akalegeza breki kidogo tu, sahani ikaenda polepole. Taban akashika rula hewani juu ya karatasi, akavuta chaki kutoka katikati hadi ukingoni, mara moja, kwa mkono thabiti. Kisha akasimamisha sahani, akainua karatasi juu ili ukumbi wote uone, yeye mwenyewe akiwa bado anawatazama watu kwa macho ya mshindi.

Watu waliutazama mstari.

"Simama hapo katikati," alisema Mwalimu Loku, sauti yake tulivu, "halafu ufuate mstari kwenda nje. Umepindia wapi?"

"Kushoto," alisema mzazi mmoja wa mbele, aliyependa kusaidia.

Taban akaitazama karatasi. Akairudisha, akachora tena. Kushoto. Akachora mara ya tatu, chaki ikavunjika, na kile kipande kilichobaki kikaenda kushoto.

Mwalimu Loku akasimama. Hakukuwa na haja ya kuharakisha. "Wazazi wapendwa, naomba mumpigie makofi kijana huyu. Amesafiri maili thelathini na tano kwa lori la karanga ili athibitishe daftari langu. Mimi nisingeweza kujishughulisha hivyo."

Walipiga makofi. Taban alisimama jukwaani akiwa na karatasi ya simenti mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kuwa mtu mwenye mwandiko mbaya asiyejulikana na yeyote.

"Basi jambo limekwisha," alisema Bwana Asiku kwa faraja, akifunga jalada. "Candiru, binti yangu, uende nyumbani kwa amani."

Kule nyuma baba yake alivaa kofia.

Candiru alitoka katika safu ya wasichana, akapanda jukwaani, akafika alipo Taban. "Sogea," akamwambia. Taban akasogea.

"Mwalimu," alisema Candiru, "jua linatokea upande gani?"

"Hilo ni swali la darasa la kwanza. Upande wa Nile. Mashariki."

"Kwa hiyo dunia inazunguka kuelekea huko."

"Ndiyo. Imo katika daftari."

Candiru akamgeukia Asiya. "Mama, naomba kazi yako kidogo."

"Sindano isitoke," alisema Asiya, akampa.

"Ukisuka, mzunguko wako unakwenda upande gani?"

"Huku." Kidole cha Asiya kilizunguka kinyume cha mshale wa saa.

"Na mimi nikilala chini, wewe ukaliinua kawa juu ya uso wangu, nikalitazama kwa chini?"

"Wewe taona inaenda huku." Kidole kikageuka. "Hiyo hata mtoto ya miaka sita najua. Msichana akigeuza kazi juu chini na naendelea kusuka, yote naharibika. Mimi nampiga mkono."

"Ahsante, Mama." Candiru akaliinua kawa ili watu walione. "Dunia ni hivi hivi. Mtu aliye juu ya Ncha ya Kaskazini akiitazama inavyokwenda mashariki, ataiona inazunguka kama Mama anavyosuka, kinyume cha saa. Mtu aliye chini, kwenye Ncha ya Kusini, ataitazama dunia ileile na kuiona inakwenda kama saa. Sasa, gramafoni inazungukaje?"

Ukumbi mzima ukaitazama gramafoni.

"Kama saa," alisema Asiya. "Gramafoni zote."

"Basi Taban hakutuonyesha upepo wa kaskazini. Ameandika Kaskazini kwa chaki, lakini gramafoni haijui kusoma. Huo mstari ni upepo wa kusini. Kusini upepo hupinda kushoto kweli."

Akalaza karatasi mpya juu ya kawa, akampa Asiya magotini. "Zungusha polepole, upande uleule unaosuka." Asiya akazungusha. Candiru akavuta chaki kwa kufuata rula. Akainua karatasi, wala hakuwatazama watu, aliutazama mstari. Ulikuwa umepinda kulia.

"Kulia," alisema yule mzazi wa mbele.

"Na kwa nini?" aliuliza Mwalimu Loku haraka. "Swali lilikuwa na kwa nini."

"Niliandika, Mwalimu. Hukusoma." Candiru hakupandisha sauti. "Ardhi ya ikweta inakimbia kuliko ardhi ya mahali pengine, kwa sababu ina duara kubwa zaidi la kumaliza kwa siku ileile moja. Upepo ukitoka huko kwenda kaskazini unaondoka na mbio hizo. Ni kama utingo anaporusha kifurushi kutoka kwenye lori linalokwenda. Hakianguki ulipo. Kinaanguka mbele, upande linakokwenda lori. Dunia inakwenda mashariki. Kwa anayekwenda kaskazini, mashariki ni kulia. Kwa anayekwenda kusini, mashariki ni kushoto. Maji ya bahari yakisukumwa na upepo yanapinda vilevile, ndiyo maana mkondo mkubwa wa Atlantiki ya kaskazini huzunguka kama saa, na ule wa kusini huzunguka kinyume chake."

Mzee mmoja aliyewahi kurushiwa hivyo kifurushi cha unga kikapasuka, na jeraha lake bado likiwa moyoni, akaguna kwa kukubali.

"Na hapa Arua?" aliuliza Bwana Asiku, aliyeanza kuogopa kwamba jambo limefika ofisini kwake.

"Hapa tuko kaskazini, lakini karibu na ikweta. Mpindo ni mdogo mno. Mwalimu alitukodolesha macho kwenye beseni la bwenini juma zima ili tuone maji yanavyopinda. Hata tungekaa mwaka, maji ya beseni hayahusiki."

Kisha akamwuliza Mwalimu Loku, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, "Daftari hili uliliandika wapi?"

"Kabale."

"Kabale iko upande gani wa ikweta?"

Mwalimu Loku akafungua daftari, kana kwamba ikweta ingepatikana baina ya kurasa. Baba mmoja aliyewahi kuendesha basi akajibu kwa niaba yake kwamba mstari wenyewe unapita njiani ukielekea Masaka, na kwamba Kabale iko kusini yake, mbali sana.

"Basi huko lilikuwa sahihi," alisema Candiru. "Mkufunzi wako aliwafundisha upepo wa kwao. Wewe umelivusha daftari ikweta bila kuliambia."

Taban ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka kwa sauti, akapiga na meza, maana dharau yake ilikuwa imemrudia, tena imenenepa. Bwana Asiku alilifungua jalada, akalifunga tena. Alikuwa anapima mambo mawili: binamu wa Loku mwenye nyota, na bahasha ya mitihani ambayo wakaguzi wa Kampala wangeweza kuiomba siku yoyote. Binamu angeweza kuhamishwa. Karatasi haihami.

"Mwalimu Loku," akasema hatimaye, "utasahihisha upya swali la sita. Leo hii, kabla ya chakula cha jioni."

"La Candiru?"

"La wote. Haki ikishatoka nje haichagui nyumba ya kuingia."

Kicheko cha Taban kilikatika katikati, kama wimbo springi inapokwisha. Alikuwa amefikiria kila mtu katika jambo hili, kasoro mmoja.

Mwalimu Loku alisahihisha kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha tangu aajiriwe. Saa kumi na moja matokeo yalibandikwa. Candiru alikuwa na arobaini na tatu. Watano walikuwa wameanguka chini ya arobaini. Taban, aliyekuwa na arobaini na mbili, sasa alikuwa na thelathini na nne, na mbele ya nambari hiyo Mwalimu alikuwa amechora kistari kidogo cha wino mwekundu, kwa mapenzi.

Nje ya bweni la wasichana baba yake Candiru alikuwa akilirudisha sanduku ndani, akinung'unika kwa Kilugbara kwamba sanduku limekuwa zito kuliko lilipotoka. Taban alimkuta Candiru mlangoni.

"Ungeweza kuniambia kwamba na mimi niliandika kushoto."

"Ungeweza kukumbuka."

"Nilikuwa nakuokoa."

"Uliniangamiza mbele ya baba yangu," alisema Candiru, "halafu nikajiokoa. Ukisimulia, simulia kwa mpangilio huo." Akaingia ndani.

Asiya, aliyekuwa akisubiri lori langoni na sanduku lake, alimtazama mpwa wake kwa muda. "Wewe iko na mdomo mingi," akasema. "Ile msichana iko na kichwa." Hakutaka kusindikizwa.

Jumapili baada ya ibada Taban aliitwa ofisini. Orodha ya kwenda Kampala ilitakiwa iandikwe safi, na mwandiko mzuri shuleni ulikuwa mmoja. Mwalimu Loku alikaa upande wa pili wa meza, daftari la kijani mbele yake, akamsomea majina mojamoja, polepole, kama mtu anayekula nyama laini.

"Niandike kuelekea kulia, Mwalimu," aliuliza Taban kwa heshima kubwa, "au kushoto, kama daftari?"

Mwalimu Loku hakukasirika. Hilo lilikuwa baya zaidi. "Nambari kumi na tisa," akasema. "Candiru. Andika vizuri."

Taban aliandika vizuri. Hakuweza kufanya vinginevyo, hiyo ndiyo iliyokuwa taabu ya mkono wake. Orodha ilifika ishirini na saba ikaisha. Alipuliza wino ukauke, akasubiri, ingawa hakukuwa na cha kusubiri.

"Na wewe," alisema Mwalimu Loku, "mwaka ujao utarudia Kidato cha Nne. Nimemwomba mwalimu mkuu ukae safu ya mbele, jiografia usome kwangu."

Kisha akafungua daftari la kijani, akatafuta ukurasa, akakata neno moja kwa rula na kuandika lingine juu yake. Taban alilisoma likiwa limepinduka, kutoka upande wake wa meza. *Kulia*. Mwalimu hakuandika ni wapi, kaskazini au kusini. Hakuandika kwa nini. Pale kwenye kikohozi aliacha nafasi ileile, akafunga daftari, akamwambia kijana afunge mlango atokapo.